Uzi wa nyuzi: namna nilivyoondoa mtetemo wa propela katika Corolla KE20 iliyobadilishwa injini

KE20 wa Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninafungua uzi huu baada ya miezi mitano ya kuhangaika na mtetemo ambao mafundi watatu wameutafsiri kwa namna tatu tofauti, na kila tafsiri imenigharimu fedha.

Gari ni Toyota Corolla KE20, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1970 likiwa na injini ya 3K ya cc 1166 na giaboksi ya gia nne. Langu nililipata likiwa halina injini. Nikaliwekea 5K ya cc 1486 pamoja na giaboksi ya gia tano, nikachomelea mauntingi (vishikizo vya injini na giaboksi) mwenyewe, nikapeleka propela (shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, yaani sanduku la gia la mhimili wa nyuma) ikatwe ili ilingane na giaboksi iliyo ndefu zaidi, na nyuma nikaweka bloku za kushushia zenye unene wa milimita 50 kati ya mhimili na springi. Springi zake ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa, si za koili. Propela ni kipande kimoja, kwa hiyo senta bearing, ile ya kuishikilia katikati, haipo na hatuna haja ya kuilaumu.

Gari likifika kilomita 70 kwa saa, kiti kinaanza kutetema kwa mtetemo wa harakaharaka, na mngurumo mzito unajaa ndani hata mazungumzo yanakuwa ya kupaza sauti. Nimekwisha kubadilisha krosi zote mbili, vile viungo vya kukunja vya ncha za propela, mara mbili. Propela imepelekwa kufanyiwa balansi mara mbili, na matairi yamefanyiwa balansi pia. Hakuna kilichobadilika. Naomba mwenye ujuzi anielekeze nianzie wapi, kwa maana sasa nimebaki kubahatisha.

Babu Difu

Mwanangu, pole. Kabla hujatoa tena fedha, nijibu maswali manne. Mtetemo unausikia kwenye usukani au kwenye kiti na sakafu? Ukiwa katika mwendo huohuo ukakanyaga klachi na kuweka gia huru, mtetemo unakwisha au unaendelea? Ukikanyaga mafuta kwa nguvu unaongezeka, na ukiyaachia unapungua au kinyume chake? Na la mwisho, baada ya kuweka injini hiyo na bloku hizo, kuna mtu yeyote aliyepima pembe za propela?

KE20 wa Tanga

Shikamoo Babu. Usukani umetulia kabisa. Kinachotetema ni kiti na sakafu. Nikikanyaga klachi na kuweka gia huru, mtetemo unaendelea mpaka mwendo ushuke. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu unapungua kidogo, nami sikuelewa kwa nini. Kuhusu pembe, hakuna aliyepima. Fundi mmoja alilala chini ya gari, akafumba jicho moja, akasema propela imenyooka.

Babu Difu

Marahaba. Klachi imekwisha kuitoa injini katika kesi hii, na usukani uliotulia unayaondoa matairi ya mbele. Tumebaki na vitu vinavyozunguka nyuma ya giaboksi. Hapo kuna watuhumiwa watatu wanaofanana kwa kelele lakini hawafanani kwa kasi. Gurudumu lenye kasoro hutetema mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Propela isiyo na balansi au iliyopinda hutetema mara moja kwa kila mzunguko wa propela. Pembe mbaya za krosi hutetema mara mbili kwa kila mzunguko wa propela. Ukiijua kasi ya mtetemo, umemjua mtuhumiwa, nawe huna haja ya kufungua hata nati moja.

Pima mzunguko wa tairi kwa chaki na futi, hesabu uwiano wa difu, kisha chukua simu yenye programu ya kuchambua sauti upande nayo garini. Dereva awe mwingine.

Mpima Sauti

Naongeza jambo dogo ambalo limewapoteza wengi. Tumieni programu inayosikiliza kwa maikrofoni, wala si ile inayosoma kihisi cha mtikisiko cha simu. Programu nyingi za aina hiyo ya pili husoma kihisi mara 100 tu kwa sekunde, na chombo kinachosoma mara 100 hakiwezi kuona kwa usahihi mtetemo unaozidi mara 50 kwa sekunde; kitakuonyesha namba ya uongo, tena kwa kujiamini. Mwendo nao usomwe kwa GPS, kwa sababu gari lililobadilishwa matairi au giaboksi huwa na mshale wa spidi unaosema lake.

KE20 wa Tanga

Nimefanya kama mlivyoagiza. Tairi zangu ni 175/70 R13, na gari likisukumwa gurudumu lizunguke mara moja, linasogea mita 1.76. Katika mizunguko 10 ya gurudumu, propela ilizunguka mara 41, kwa hiyo difu ni ya 4.1. Katika kilomita 70 kwa saa gari linakwenda mita 19.4 kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara 11 kwa sekunde, na propela mara 45. Simu ilionyesha kilele kimoja kirefu kwenye 91, na kingine kifupi sana kwenye 45.

Tisini na moja ni mara mbili ya propela. Nimekaa nikiitazama karatasi hii nikizikumbuka zile balansi mbili nilizolipia.

Kijana wa VETA

Wakubwa zangu, naomba kueleweshwa. Krosi imetengenezwa ili ikunje. Kama bearing zake ni nzima na ina grisi, kwa nini ikikunja ilete mtetemo? Na kama kukunja ni kubaya, kwa nini tusiinyooshe propela kabisa iwe mstari mmoja kuanzia giaboksi hadi difu?

Babu Difu

Swali zuri, kijana wangu, na jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka mia tatu. Kiungo hiki Wazungu wanakiita kwa jina la Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na wengine kwa jina la Hooke, Mwingereza wa karne ya 17. Aliyekifanya kifae kwa magari ni Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hataza yake mwaka 1903. Tabia yake haijabadilika: krosi ikizunguka ikiwa imekunja, upande wa pili hauzunguki kwa kasi sawa na upande wa kwanza. Kwa robo mzunguko unatangulia, kwa robo inayofuata unachelewa, kisha unarudia. Ndiyo maana ni mara mbili kwa kila mzunguko.

Chukua propela inayoendeshwa kwa mizunguko 3000 kwa dakika kupitia krosi iliyokunja nyuzi (digrii) 4.5. Upande wa pili utapanda hadi kama 3009 na kushuka hadi kama 2991, mara 100 kwa kila sekunde. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni chuma kizito kinachosukumwa na kuvutwa mara 100 kwa sekunde. Ikifika nyuzi 10, kasi inapanda na kushuka kwa asilimia 1.5, ikifika 20, inazidi asilimia 6.

Dawa yake ni krosi ya pili. Ikikunja kiasi kilekile, na yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za propela zikiwa zimekaa katika mstari mmoja, kile ambacho krosi ya mbele inakitangulisha, ya nyuma inakichelewesha, na difu inapokea mzunguko laini. Propela ya katikati yenyewe bado inahangaika, ndiyo maana hata pembe zilizo sawa hazitakiwi kuwa kubwa. Mwongozo unaojulikana wa Spicer unaruhusu karibu nyuzi 5.8 kwa propela inayozunguka mara 3000 kwa dakika, lakini 3.2 tu kwa 5000. Kwa gari dogo la barabarani, lenga kati ya 1 na 3.

Kuhusu kunyoosha kabisa: usithubutu. Ndani ya kila kikombe cha krosi kuna vijiti vyembamba vya bearing ambavyo hujiviringisha pale tu krosi inapokunja. Pembe ikiwa sifuri, vijiti vinasimama palepale, vinapigwa palepale, na vinachimba mitaro katika chuma. Angalau nusu nyuzi lazima iwepo.

Mpima Sauti

Kwa hiyo tunajadili nyuzi ndani ya uzi. Kiswahili kimetuwahi.

Babu Difu

Sasa KE20, upimaji. Gari likae juu ya magurudumu yake, mahali tambarare, tangi likiwa nusu, na mizigo unayoibeba kila siku iwemo. Usilipandishe kwa jeki ya bodi mhimili ukaning'inia. Utapima gari ambalo halipo. Kama huwezi kuingia chini, pandisha magurudumu yote manne juu ya rampu zilizo sawa, au weka stendi chini ya mhimili wa nyuma na chini ya mikono ya mbele ili uzito ubaki kwenye springi. Weka vizuizi kwenye magurudumu. Chuma kilichomwangukia mtu hakiombi radhi.

Unahitaji namba tatu: mteremko wa giaboksi, mteremko wa propela, na mteremko wa pinioni, yaani gia inayoingiza mzunguko ndani ya difu. Zungusha propela mpaka kikombe cha krosi kitazame chini, toa klipu, na uweke kipimapembe juu ya uso wa kikombe. Hapo unasoma giaboksi. Fanya vivyo hivyo kwenye flenji ya difu, pale propela inapofungwa. Kwa propela, weka kipimo juu ya bomba lenyewe, mbali na mshono wa kuchomelea na mbali na vile vipande vya balansi. Kama unatumia simu, soma, igeuze simu nyuma iwe mbele, soma tena, kisha chukua wastani. Kosa la simu yenyewe litajifuta.

Andika kila namba pamoja na upande inakoelekea. Wengi wanaandika namba tu halafu wanasahau kama pua ya difu, yaani upande wake wa mbele wenye pinioni, ilikuwa inatazama juu au chini.

KE20 wa Tanga

Nimepima mara tatu kwa siku mbili, na matokeo yanapishana kwa nyuzi 0.2 tu. Giaboksi inateremka kuelekea nyuma kwa nyuzi 5.5. Propela inateremka kuelekea nyuma kwa 1.0. Pua ya difu inatazama juu kwa 2.0. Krosi ya mbele inakunja 5.5 kutoa 1.0, yaani 4.5. Krosi ya nyuma inakunja 2.0 kutoa 1.0, yaani 1.0.

Yule fundi aliyefumba jicho hakukosea: propela imenyooka. Kilichopinda ni vitu vilivyofungwa kwenye ncha zake.

Babu Difu

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ukitaka kujua kiasi cha mtetemo kinachobaki bila kufutwa, usitoe pembe moja kwa nyingine. Toa mraba wa moja kwa mraba wa nyingine, kisha tafuta kipeuo. Mraba wa 4.5 ni 20.25, ukitoa 1 inabaki 19.25, na kipeuo chake ni karibu 4.4. Gari lako linaendeshwa kama lenye krosi moja tu iliyokunja nyuzi 4.4, na mpaka unaokubalika kwa kawaida ni 3.

Umeelewa pia kwa nini kukanyaga mafuta kulipunguza mtetemo. Injini ikivuta, springi zinajipinda na pua ya difu inanyanyuka. Pembe yako ya nyuma, iliyokuwa ndogo mno, ilikua ikaikaribia ile ya mbele. Kama pua ingekuwa juu tangu mwanzo, ungesikia kinyume chake.

Anza na giaboksi, kwa kuwa 5.5 ni nyingi. Je, kuna nafasi ya kuinua mkia wake?

KE20 wa Tanga

Nafasi ipo. Nimeweka vipande vya chuma vyenye jumla ya milimita 20 kati ya mauntingi ya nyuma na mwamba wake. Kutoka mauntingi za injini hadi ile ya nyuma ni kama milimita 800, kwa hiyo nilitarajia karibu nyuzi 1.4, na kweli giaboksi sasa inasoma 4.1. Nilichokisahau ni kwamba mkia ukinyanyuka, ncha ya mbele ya propela inanyanyuka pia. Propela sasa inasoma 2.2. Krosi ya mbele imeshuka kutoka 4.5 hadi 1.9 kwa vipande viwili vya chuma!

Tahadhari kwa atakayeniiga: injini ilipoinama mbele, feni ilikaribia rejeta kwa upana wa kidole. Angalieni hapo kabla ya kuwasha. Angalieni pia fimbo ya gia isigonge sakafu, na sliding yoki iwe bado imeingia vya kutosha ndani ya giaboksi.

Lakini nyuma sasa ni 2.0 dhidi ya 2.2, yaani krosi ya nyuma imekuwa karibu sifuri. Nikafungua U-bolti zinazobana mhimili kwenye springi, nitazame bloku. Wakuu, nina aibu. Bloku zina kabari. Zina urefu wa milimita 110, na upande mmoja ni mnene kuliko mwingine kwa milimita 2 hivi, ambayo ni nyuzi 1. Jicho haliwezi kuona. Aliyezichonga alikusudia kuinua pua ya difu, nami nilizifunga zote mbili kinyumenyume, zikaishusha.

Nahodha wa Likoni

Pole kaka. Milimita mbili zimekula miezi mitano.

KE20 wa Tanga

Nimezigeuza. Kutoka kushusha 1 hadi kuinua 1 ni mabadiliko ya nyuzi 2, na sasa pua ya difu inasoma 4.0. Flenji imenyanyuka nayo kidogo, propela ikawa 1.9. Mbele 2.2, nyuma 2.1. Kwenye karatasi ni jambo la kupendeza, na nilipotoka kuelekea Segera gari lilikuwa kimya katika kilomita 70, 80 hata 90. Nilikuwa tayari kurudi hapa kuufunga uzi.

Kesho yake nilikwenda Lushoto. Kuanzia Mombo, kwenye kile kilima, gia ya tatu na mafuta yamekanyagwa, mtetemo ukarudi. Nikiachia mafuta, unakwisha. Nimepima tena nyumbani, namba ni zilezile. Nimekosea wapi?

Kijana wa VETA

Labda krosi mpya zimeharibika?

Babu Difu

Krosi hazijaharibika. Alichofanya ni kufuata sheria ya usambamba (giaboksi na pinioni ziwe na mteremko uleule) kikamilifu mno, kwa gari lililosimama. Nilikwisha kusema kwamba injini ikivuta, pua inanyanyuka. Springi laini kama za Corolla hii huinua pua nyuzi 1 katika mwendo wa kawaida, na 2 au zaidi ukikanyaga kwenye kilima. Pua iliyokuwa 4.0 inakuwa 6, krosi ya nyuma inakunja 4 ilhali ya mbele imebaki 2, na mtetemo uliobaki unapita ule mpaka wa 3. Kwa springi za aina hii, pua inatakiwa ianze chini kidogo ya usambamba, ili mzigo wenyewe uilete mahali pake.

Wenye Peugeot 404 hawaujui msiba huu, kwa kuwa propela ya gari lile imefungwa ndani ya bomba imara lililoungwa na difu, na bomba hilo linaizuia pua isinyanyuke. Mimi niliendesha moja kwa miaka mingi na sikuwahi kushika kipimapembe. Nilikijua nilipohamia magari mengine.

Tafuta bloku za milimita 50 zisizo na kabari yoyote.

Mpima Sauti

Kabla ya kuchonga bloku nyingine, naomba tupime pia pembe ya kulala. Hadi sasa tumepima juu na chini tu. Mtu akichomelea mauntingi mwenyewe, giaboksi inaweza kukaa ikitazama kushoto au kulia, na kipimapembe hakitakwambia. Chukua timazi, iteremshe kutoka katikati ya puli ya mbele ya injini, kutoka mkia wa giaboksi, kutoka flenji ya difu, na kutoka katikati ya kasha la difu kwa nyuma. Weka alama za chaki sakafuni, sogeza gari, kisha vuta uzi wa mwashi kati ya alama.

Giaboksi kuwa pembeni ya mstari wa katikati si kosa, mradi mstari wake na ule wa pinioni uwe sambamba. Viwanda vingi vimeweka injini pembeni makusudi. Kosa ni kuwa upogo.

KE20 wa Tanga

Nimefanya, nikisaidiwa na fundi mwashi wa jirani ambaye hakuacha kucheka. Mkia wa giaboksi umeelekea kushoto kwa milimita 10 katika urefu wa milimita 800, yaani nyuzi 0.7. Nimejumlisha kwa miraba: 2.1 ya wima na 0.7 ya kulala zinatoa 2.2. Haibadilishi kitu cha maana, nimeiacha.

Bloku zisizo na kabari zimechongwa na kufungwa. Gari likiwa limesimama: giaboksi 4.1, propela 2.0, pua ya difu 3.0. Mbele inakunja 2.1, nyuma 1.0. Nilisita kuona hazilingani, ila nilimwamini Babu.

Nimepanda Lushoto tena kwa barabara ileile, gia ileile, na abiria wawili nyuma. Kimya. Katika tambarare ya Mombo hadi Korogwe, kilomita 90 kwa saa, kilele cha mara mbili ya propela kwenye simu kimezama ndani ya kelele za barabara. Kile kifupi cha mara moja, ambacho nilikiona tangu mwanzo, bado kipo. Sasa ndipo balansi ya propela ingekuwa na maana, lakini kwenye kiti siisikii, na sitaki kumlipa mtu ili anitengenezee namba ya kwenye simu.

Nahodha wa Likoni

Hongera kaka. Mimi nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, nimeiinua kwa springi ndefu na shakeli (viungio vya springi na chesisi) ndefu. Nyuma inatetema kuanzia kilomita 50. Nimepima kama mlivyofundisha: kasha la gia linateremka 1, propela ya nyuma inateremka 12, pua ya difu inatazama juu 6. Je, nichonge kabari ya nyuzi 5 niishushe pua hadi iwe sambamba?

Babu Difu

Subiri kidogo, Nahodha. Mbele una 11, nyuma una 6. Kabari itazilinganisha zote ziwe 11. Zitakuwa sawa, ndiyo, lakini kumbuka kwamba propela ya katikati inabaki ikihangaika. Difu yako ni ya 4.7. Ukiwa na tairi za 7.50-16, katika kilomita 80 kwa saa propela inazunguka kama mara 2500 kwa dakika, na kwa kasi hiyo mwongozo ule unaruhusu nyuzi 7. Kumi na moja ni mbali sana.

Njia moja ni propela yenye krosi mbili zilizoungana kwenye ncha ya mbele, na hapo sheria inageuka: pua ya difu haitakiwi tena kuwa sambamba na giaboksi, inatakiwa itazame moja kwa moja kwenye propela, pungufu ya nyuzi 1 hivi. Ila pua ikitazama juu kwa nyuzi 11, oili inapata tabu kufika kwenye bearing ya mbele ya pinioni, na hiyo ni gharama nyingine. Njia rahisi ni kuondoa shakeli ndefu. Shakeli ndefu za nyuma huiinua bodi, na papo hapo huizungusha springi na kuinua pua. Ziondoe, upime upya.

Nahodha wa Likoni

Nimeziondoa, Babu, springi nimeziacha. Kasha la gia 1, propela 7.5, pua ya difu 2. Sasa ni 6.5 mbele na 5.5 nyuma. Inapita kilomita 60 bila shida, ikikaribia 80 inaanza kunung'unika kidogo, na nikikanyaga mafuta inanung'unika zaidi.

Babu Difu

Inanung'unika zaidi ukikanyaga kwa sababu pua inanyanyuka na kuipunguza pembe ya nyuma, ambayo tayari ni ndogo kuliko ya mbele. Hapo sasa kabari inafaa. Weka ya nyuzi 2, upande mnene ukae mahali ambapo utaishusha pua, ifike sifuri gari likiwa limesimama. Tumia kabari ya chuma, si ya alumini, kwa gari linalopita matuta. Senta bolti, ile inayoshika springi katikati, iwe ndefu ya kutosha kupita ndani ya kabari na kuingia kwenye tundu la mhimili. Kaza U-bolti gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake, kisha zikaze tena baada ya kilomita 100 na baada ya 500, kwa maana kabari mpya hujibana na nati hulegea.

Na kabla hujafunga, zitazame yoki mbili za propela kama ziko katika mstari mmoja. Ile sehemu ya kuteleza ya Land Rover ina meno, na mtu akiirudisha ikiwa imeruka jino moja, kabari zote za Mombasa hazitakusaidia.

Nahodha wa Likoni

Nimetoka kutazama sasa hivi kwa tochi. Imeruka jino moja.